Keria ya Pikapu: Mwongozo kwa Mwenye Haraka ya Kufika Nairobi

Kabla hujampa fundi shilingi ya kununulia chuma, zunguka ubavuni mwa pikapu yako, uchuchumae, uangalie pale kebini inapokutana na bodi ya nyuma. Kuna mwanya. Ingiza vidole, vitapita. Usidhani bati liliwaishia kiwandani. Kebini na bodi ni vipande viwili, kila kimoja kimefungwa kwenye chesisi kwa bolti zake. Tairi moja likipanda jiwe, jambo la kila siku kwa anayetoka Mutuati au anayeteremka Ishiara, chesisi hujipinda kidogo na vipande hivyo hucheza kila kimoja kivyake. Anayesimamisha keria miguu miwili juu ya kebini na miwili kwenye bodi amefungisha ndoa ya watu wasiotaka kuishi nyumba moja. Mwanzoni watavumiliana. Kisha kiungo cha kuchomelea kitapasuka, au paa litachanika, au kioo cha mbele kitapata ufa na wewe umlaumu dereva wa lori kwamba amekurushia kokoto.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo ningeruhusiwa ningeipaka rangi nyekundu kwenye ukuta wa kila karakana ya jua kali kutoka Maua hadi Embu mjini, ni hii: keria isimame upande mmoja. Ama yote kwenye kebini, ama yote kwenye bodi. Na ukiniuliza mimi, isimame kwenye bodi. Paa la kebini lilitengenezwa limkinge mtu na mvua, na limlinde kidogo gari likipinduka. Halikutengenezwa kuwa ghala.

Najua utabisha. Utasema jirani yako ameweka ya kebini na inapendeza. Kweli inapendeza, hasa ikiwa na taa nne za mbele na jerikani la pembeni, ijapokuwa gari lenyewe safari yake ndefu ni kutoka Makutano kwenda soko la Gakoromone na kurudi. Mwenye keria ya namna hiyo amenunua uzito wa kubeba kila siku ili apendeze Jumapili moja moja. Mafuta anayachoma kwa ajili ya chuma kitupu, na upepo unamlilia masikioni njia nzima. Kama unataka pambo, nunua kofia.

Kama bado unaing'ang'ania ya kebini, basi tufanye hesabu. Kitabu cha gari, kile kinacholala ndani ya kijidroo bila kufunguliwa, huandika uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa linatembea. Kwa pikapu nyingi za kebini mbili ni kati ya kilo 70 na 100, na hapo keria yenyewe imehesabiwa ndani. Sasa bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, lenye unene wa milimita 2, lina uzito wa karibu kilo 1.4 kwa kila mita. Keria ya kawaida yenye ukingo wa ngazi mbili, fito sita za kati na miguu sita mifupi hula mita 20 hivi. Hizo ni kilo 28 kabla hujapakia hata kitunguu. Kama paa lako ni la kilo 75, umebakiwa na kilo 47.

Gunia halali la viazi, kwa mujibu wa kanuni za viazi za mwaka 2019, ni kilo 50. Maana yake keria hiyo haiwezi kubeba hata gunia moja la Kibirichia lililopimwa kwa haki. Na sote tunajua magunia yanayosubiri kando ya barabara kule hayajapimwa kwa haki: yameshonewa kofia ya nyavu juu, yamevimba, ni lumbesa. Lumbesa moja kwenye paa la kebini ni kama kilo mia na zaidi zinazopigapiga bati kwa kila tuta. Mkulima anadhulumiwa kwa lumbesa shambani, tusiiache ikamdhulumu na dereva barabarani.

Ya kebini basi ibebe vitu vyepesi: godoro, kitanda cha mtoto anayekwenda chuo, mabomba ya maji ya plastiki, ngazi ya fundi wa umeme. Hapo nakubali, na hapo huhitaji kapu lote la chuma. Fito mbili za kuvuka zinatosha. Gari la zamani lenye mfereji wa mvua pembeni mwa paa limebarikiwa, maana fito hubanwa kwenye mfereji bila kutoboa chochote. La kisasa halina mfereji, kwa hiyo tafuta fito zenye vibanio vinavyoshika fremu ya mlango, vilivyotengenezwa kwa aina ya gari lako.

Atakayekuambia "tutoboe tu, mzee, tutapiga silikoni" mwangalie usoni, kisha umwangalie Mlima Kenya. Upande huu wa mlima mvua hunyesha Machi hadi Mei, ikarudi Oktoba hadi Desemba, na katikati yake kuna ukungu wa asubuhi unaolowesha bati bila tone kuonekana likianguka. Tundu lililotobolewa huacha ukingo mtupu usio na rangi. Vumbi la chuma lililomwagwa na drili hulala juu ya paa, na baada ya siku chache kila punje imegeuka doa la kutu. Lazima tundu litobolewe? Basi futa vumbi lote siku hiyo hiyo, paka ukingo wa tundu rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo uweke mpira, bolti na silikoni. Silikoni iliyopakwa juu ya chuma kitupu inaficha kutu isionekane huku ikiendelea kula.

Sasa tuje kwenye keria yenye faida, fremu inayosimama ndani ya bodi na kupita juu ya kebini bila kuigusa. Wanaosafirisha miraa kutoka Nyambene wanaijua, na wa muguka wa Mbeere vilevile. Miguu iwe minne kwa bodi fupi na sita kwa ndefu, ya bomba la inchi moja na nusu. Kila mguu uchomelewe bamba la chuma chini, na bamba lingine liwekwe chini ya sakafu ya bodi, bolti zipite katikati ya yote mawili. Mguu uliokanyaga bati peke yake utalitoboa. Mguu uliosimama juu ya mhimili wa bodi, wenye bamba juu na chini, utakaa hadi gari lizeeke. Lala chini ya gari uitafute mihimili hiyo kwa mkono kabla fundi hajaweka alama.

Kisha dai vishikizo vya mshazari. Hapa ndipo mafundi wengi hubana chuma, kwa sababu fremu ya miguu iliyonyooka inaonekana imekamilika. Haijakamilika. Ukifunga breki, mzigo wote wa juu unataka kwenda mbele, na kisichokuwa na mshazari hulala kama mlango uliong'oka bawaba. Chuma kinachotoka chini ya mguu wa nyuma kikapanda kwa mshazari kuelekea mbele kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na kebini.

Kati ya fremu na paa la kebini acha nafasi ya vidole vinne vya mwanamume. Na upime gari likiwa limepakiwa, tairi moja likiwa juu ya jiwe, maana kwenye sakafu sawa ya karakana kila fremu ina adabu. Hakikisha pia dereva anaona nyuma kupitia kioo. Vyuma visivyo na kazi mbele ya kioo hicho viondoe.

Kuhusu kuchomelea, sina utani hata kidogo. Fremu ichomelewe ikiwa chini, mbali na gari, ije kufungwa kwa bolti. Kama kuna kipande lazima kichomelewe kikiwa garini, toa kwanza waya wa betri, ule wa hasi, na waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na pale panapochomelewa. Umeme ule ukipita kwenye gari zima unaweza kuunguza kompyuta yake, na kompyuta ya pikapu haiuzwi kwa kilo kama chuma chakavu. Ujue pia tangi la mafuta liko wapi na nyaya zimepita wapi. Fundi mzuri hakasiriki ukimwuliza. Mwenye kukasirika, mshukuru na umtafute mwingine.

Kazi ikiisha usiulize kama ni imara, kwa sababu jibu ni moja tangu enzi: "Hii haiendi popote, mzee." Mwambie hivi: "Sawa fundi, hebu panda juu uitikise." Wewe kaa chini utazame miguu, usimtazame yeye. Mguu ukiinuka hata kwa unene wa karatasi, kazi haijaisha.

Halafu angalia ncha za mabomba. Bomba lililoachwa wazi hunywa mvua, na kutu hulila kutoka ndani huku nje linang'aa kama siku ya kwanza. Kila ncha izibwe, na sehemu ya chini kabisa iwe na kitundu kidogo cha kumwaga maji yaliyopenya. Magamba ya kuchomelea yagongwe yote na kusuguliwa ndipo rangi ya kuzuia kutu ipakwe, kisha rangi ya juu mara mbili. Mwenye kubeba miraa azingatie hili kuliko wote. Mzigo wake umefungwa kwa majani ya mgomba na kunyunyiziwa maji ili usinyauke, kwa sababu baada ya siku mbili hivi nguvu ya jani imeshuka na bei nayo imeshuka. Maji hayo hudondoka usiku kucha kwenye fremu na juu ya kebini.

Usiunde keria ya miraa peke yake pia. Somalia iliifungia miraa mlango Machi 2020 na haikuufungua hadi Julai 2022. Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na wakulima wa Embu wakasubiri Mahakama Kuu ya Embu kusimamisha amri za Mombasa na Kilifi. Soko likifungwa, pikapu haikai bure, hubeba ndizi za Mitunguu, maembe ya Mbeere, viazi, mbao. Fremu yenye fito zinazoweza kuondolewa kwa bolti hubadilika kulingana na msimu. Iliyochomelewa yote kwa umbo la gunia moja itabaki inasubiri gunia lile.

Kupakia ni elimu yake. Kizito chini kwenye sakafu ya bodi, chepesi juu. Ndizi chini, majani juu, hata kama mwenye ndizi amechelewa na mwenye majani amewahi. Sehemu inayopita juu ya kebini iwe ya vyepesi tupu. Kamba ifungwe kwenye fremu, pande zote nne, na turubali lisiachwe likapepea, maana litakatwa na kamba zake lenyewe kabla ya Embu.

Na mwendo. Gari la biashara linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa. Anayekimbia 120 anadhani ameongeza nusu tu. Nguvu ya upepo kwenye mzigo wa juu huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo imeongezeka mara mbili na robo, na yote inasukuma fremu na kamba zile zile. Barabara ya Meru kwenda Embu inavuka mito ya Mlima Kenya mmoja baada ya mwingine, Mutonga, Nithi, Thuchi, na kila mto una mteremko, kona, daraja, kisha mlima. Pale Nithi, Julai 2022, basi lilitumbukia na watu zaidi ya 30 wakafa. Halikuwa na hadithi yoyote ya keria. Nalitaja kwa sababu mteremko ni ule ule na kona ni ile ile, na gari lililobeba uzito juu huanza kuegemea nje ya kona kabla dereva hajajua. Punguza gia kabla ya mteremko, usingoje kuwa katikati yake.

Wala mtu asipande juu ya mzigo. Najua vijana wa kupakia hulala pale juu wakiuchunga, na wenye mzigo huona ni uaminifu. Mpe kijana kiti ndani, au umlipie matatu. Keria ni ya vitu.

Safari ya kwanza simama Chuka. Kabla hujaondoka nyumbani uwe umepaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaopita juu ya kila nati na kuendelea kwenye bamba. Ukifika, tazama mistari hiyo kwa tochi. Iliyokatika, yaani nusu iko huku na nusu imehamia kule, nati yake imelegea. Kaza, paka mstari mpya, uangalie tena Embu. Nati ile ile ikilegea mara ya pili, weka nati ya pili juu yake, kwa sababu spana peke yake haitaishikilia.