Viashiria Saba Vyagombea Nauli ya Mwanza

Mgonjwa wa saratani ya puru anayetoka Ijuganyondo hana mashine ya mionzi jirani. Anashuka bandarini Bukoba, analala melini, asubuhi yuko Mwanza, anaulizia hospitali ya Bugando. Tiba ndefu ni vipindi 25 hadi 28, siku za kazi tu: wiki tano na ushee za kupanga chumba huku migomba nyumbani ikizidiwa na magugu. Mwisho wa safari, kwa watu kama 15 hadi 20 katika 100 uvimbe huyeyuka wote. Kwa wengi hupungua. Na wapo ambao uvimbe wao haushtuki hata kidogo. Hapo ndipo kijiwe chetu cha kahawa kinapouliza: hakuna kipimo cha kumwambia mtu mapema, kabla hajakata tiketi? Wagombea wapo. Tuanzie mkiani.

7. TP53. Jeni hii ni mlinzi wa seli. Ikiharibika, seli iliyochomwa na mionzi hugoma kufa. Kwa maneno, kiashiria safi kabisa. Kwa vitendo, utafiti huu unasema ndiyo, ule unasema hapana. Walinzi wa hivyo tunawajua: koti analo, rungu analo, muulize nani kapita usiku.

6. Orodha za jeni. Watafiti hupima jeni kumi, ishirini, hamsini kwa mpigo. Tabu ni kwamba orodha ya timu hii na ya timu ile hufanana kwa majina machache mno. Kamati mbili za harusi moja, na kila moja imealika watu wake.

5. Fusobacterium nucleatum. Bakteria wa kinywani. Amekutwa kajichimbia ndani ya uvimbe wa utumbo, na akisalia baada ya dawa na mionzi, saratani huelekea zaidi kurudi. Kutoka kwenye ufizi hadi kwenye puru, bila nauli! Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna kahawa tangu alfajiri akafumba mdomo ghafla. "Waitu tulia, mzee wangu," nikamwambia, "kahawa haijatajwa."

4. KRAS. Jeni hii imeharibika kwa wagonjwa kama 40 katika 100, na wao huelekea kuitikia mionzi vibaya kidogo. Kwa "kidogo" hiyo hakuna wa kumteremsha mtu melini. Tupite.

3. CEA. Protini ya kwenye damu, iliyogunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman. Ikiwa chini ya nanogramu 5 kwa mililita kabla ya tiba, dalili ni nzuri. Lakini sigara nayo huipandisha. CEA ni jirani mmbea: habari analeta kweli, ila ya nyumba gani, utajua mwenyewe.

2. Hemoglobini. Mlitarajia jina la Kilatini? Hii nayo ni molekuli, na tone moja la kidoleni linatosha kuipima. Louis Harold Gray na wenzake, Uingereza, walieleza mwaka 1953 kwamba oksijeni ndiyo inayoipa mionzi makali. Seli iliyoikosa huhitaji dozi karibu mara tatu ili ife. Mwenye damu pungufu huelekea kuitikia vibaya, na uvimbe wa puru wenyewe huvuja damu kila siku. Ongeza malaria, ongeza minyoo. Kuongezewa damu hakuhakikishi kwamba uvimbe utatii, lakini kufika Mwanza bila kujua damu yako ni ngapi ni uzembe wa bure.

1. MSI. Bingwa, tena bingwa mkorofi. Protini nne (MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2) hurekebisha makosa ya DNA seli inapojinakili. Kipimo hufanyika kwenye kinyama kile kile kilichokatwa kwa uchunguzi: kiini cha seli kikishika rangi ya kahawia, protini ipo, kikibaki buluu, haipo. Kahawia, rangi ya kahawa, na bado mtasema Mhaya hajatajwa! Wanaokosa mojawapo ya protini hizo, yaani wenye MSI, ni wachache, kama 5 hadi 10 katika 100. Mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilitangaza wagonjwa 12 wa aina hiyo waliopewa dawa ya dostarlimab kwa miezi sita. Uvimbe ulitoweka kwa wote 12, bila mionzi, bila kisu. Bei ya dawa hiyo naihifadhi, kuna wazee hapa wana presha. Upungufu huu ukiwa wa kurithi, ndugu nao wapimwe. Kwa ukubwa wa koo zetu, andaeni mabenchi.

Kwa leo, ukiacha namba moja pale dawa yake inapopatikana, hakuna hata kimoja kati ya vingine sita kinachotosha kumnyima mtu mionzi. Kwa hiyo ukiona damu chooni, usiibatize bawasiri mwenyewe ukanunua mizizi sokoni. Nenda hospitali, vumilia kidole cha daktari, kinyama kikatwe. Bila kinyama hicho, namba moja haina pa kuanzia.