Anayengoja Mlangoni

Kuna watu wazima, wenye akili zao timamu, ambao saa tano za usiku bado wamekodoa macho wakimtazama Luteni Columbo, mpelelezi wa runinga, akimsaka muuaji ambaye wao wenyewe walimwona akiua tangu mwanzo wa filamu. Siri hakuna. Muuaji tunamjua, jumba lake la Los Angeles tunalijua, na mwisho wenyewe tunaujua, maana hii ni mara ya nne kuitazama.

Basi tunangoja nini? Tunangoja mlango. Peter Falk, aliyemwigiza Columbo, anaaga, anafika kizingitini, biri mkononi, koti la mvua limekunjamana kama limelaliwa na mbuzi, mara anageuka. Amesahau kitu kidogo tu, samahani sana bwana. Hapo tajiri wa watu, aliyekwishaanza kushusha pumzi, anameza mate.

Utamu uko hapo. Mfululizo ulianza mwaka 1971 na ukajikokota hadi 2003. Ukijumlisha na zile mbili za majaribio, filamu ni 69, na aghalabu anayetiwa pingu ni mwenye bwawa la kuogelea. (Taarifa ya habari hainipi starehe hiyo.) Wapelelezi wa siku hizi wana kompyuta za kusoma hadi unywele, na kesi moja inawamaliza vipindi kumi. Columbo ana Peugeot 403 iliyochoka, mke anayemtaja kila saa tusiyemwona katu, na kalamu ambayo, ukitazama vizuri, ameiazima kwa mshukiwa.