Wufa Moja, Wenye Nayo Watatu

Ukitaka kujua mwenye nyumba ni nani huko Bungoma, usiulize hati ya shamba. Chungulia nyuma ya kabati la runinga uone ni waya wa nani umechomekwa kwenye wufa. Baba anataka taarifa ya saa moja, mama ana nyimbo za injili kwenye simu, na kijana ana kompyuta yenye besi ya kutikisa mabati hadi Kanduyi. Babu aliyeomba nyimbo za litungu kidogo bado anangoja zamu. Kila mmoja huchomoa waya za mwenzake, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto, mpaka tundu limelegea na spika moja inakoroma.

Kinyozi wa Kitale amejanjaruka: amefunga waya za runinga na za kompyuta pamoja kwa selotepu. Sasa kifaa kimoja kinasukumia kingine umeme wake, sauti inafifia, na lawama anabebeshwa Mchina aliyeunda wufa.

Kumbe dawa ni kijisanduku cha swichi. Cha kawaida hakihitaji stima wala betri; ukichagua kifaa kimoja, vingine vinakatwa. Lakini sisi, tulionunua wufa kubwa kuliko sebule bila kupepesa macho, kisanduku tunakiona ghali!

Haya, kinunueni. Kiwekeni mezani, mbele ya watu wote, na mwenye zamu apunguze sauti kabla ya kubonyeza. Anzeni na babu.