Mlima wa Kulipia

Göteborg, Uswidi

Mjomba,

Ukimaliza kusoma huko Kisarawe, barua ipelekwe Kibaha, Maili Moja, kwa mama. Ndiye aliyeiona ile picha yangu niko juu ya baiskeli sebuleni, akaanza kuwauliza majirani kama wageni huku hawaruhusiwi kutumia barabara.

Tunaruhusiwa. Ila mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Barabara ikishika barafu, watu huingiza baiskeli ndani, huifunga kwenye stendi na kukanyaga pedali hadi jasho liwatiririke. Wakishuka, wako palepale kando ya friji. Na hawa ndio walioshirikiana na jirani zao wa Nordic kutujengea Kibaha kile kituo cha elimu kilichoanza mwaka 1963!

Usicheke, Mjomba. Mnoa visu anayeegesha baiskeli mtaani, akakanyaga pedali ili jiwe lizunguke, naye hafiki popote. Tofauti ni kwamba yeye analipwa.

Stendi ya bei nafuu hubana ekseli ya nyuma, tairi likagusa kirola chenye sumaku au kimiminika cha kuleta uzito. Ya sumaku hupiga kelele. Ya kimiminika ina utulivu, na kadiri unavyokazana ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Tairi la kawaida huliwa upesi, kwa hiyo wanauza tairi maalumu la kuendeshea ndani. Ndiyo, la ndani.

Wenye nazo huondoa gurudumu la nyuma kabisa na kuuweka mnyororo kwenye friwili ya mashine yenyewe. Bei siitaji, mama anasoma. Mashine hiyo huunganishwa na programu kama Zwift, iliyoanza mwaka 2014: kwenye skrini unaona kisiwa cha kubuni, na ukifika mlimani mashine inakaza yenyewe. Watu wanalipa kila mwezi wapandishwe mlima, Mjomba, ilhali ule wa Pugu upo bure, na vijana wenu wanaupita na magunia ya mkaa kwenye keria!

Lakini kiboko ni rola. Ni mapipa matatu membamba kwenye fremu: mawili chini ya gurudumu la nyuma, moja chini ya la mbele, na mkanda wa kulizungusha hilo la mbele. Hakuna kinachokushika. Ukigeuka kuangalia nani anapiga hodi, umeshuka na baiskeli yako. Anayeanza huziweka katikati ya mlango, apate mwimo wa kushika kulia na kushoto. Wale vijana wanaoteremka Gongo la Mboto na mkaa wangezipanda siku ya kwanza huku wanaongea na simu. Kwa kujifunza mizani na kukanyaga kwa ulaini, hakuna kinachozishinda. Kwa mtu anayetaka kutoa jasho tu baada ya kazi, stendi ya kimiminika inatosha, na huo ndio ushauri wangu kwa yeyote atakayeuliza.

Feni ni lazima, maana ndani hakuna upepo wa mwendo. Taulo nalo hutandikwa juu ya usukani, kwani jasho lina chumvi na chuma hakipendi chumvi. Chini unaweka mkeka mzito wa mpira kwa ajili ya jirani. Wangu hakuja kugombana: alibandika karatasi kwenye ngazi, ya heshima kabisa, na alama ya kicheko mwishoni. Huku hiyo ndiyo hasira.

Sasa nasikia unataka nikuletee stendi moja. Mjomba, wewe una jua mwaka mzima na Pugu iko mlangoni kwako, sileti. Pesa ya mabati ya banda la kuku natuma mwisho wa mwezi.

Mpwa wako