Mac Katika Mtaa wa Windows

Kila mtaa wa Dar es Salaam una dada wa steshenari, na kila dada wa steshenari ana msimamo wake kuhusu Mac. Wa kwetu hapa Sinza anaamini kuwa Mac ni ugonjwa. Nilimpelekea flashi yenye barua moja tu ya kuprinti. Akaichomeka, akakunja uso, kisha akageuza skrini ili na wateja wengine washuhudie.

"Kaka, flashi yako ina virusi."

Kweli, barua yangu ilikuwa imezaa. Palikuwa na Barua.docx, na juu yake pacha wake aliyeanza na nukta na kistari, ._Barua.docx. Palikuwa pia na .DS_Store, na .Trashes, na .Spotlight-V100, majina ambayo ningeyakuta usiku uchochoroni ningetoka mbio. Dada akambofya yule pacha kwa kuwa ndiye aliyetangulia kwenye orodha. Word ikakataa kumfungua. "Umeona? Limeshaliwa." Nyuma yangu kijana mmoja aliyekuwa ameweka flashi yake kaunta akaivuta taratibu, akairudisha mfukoni.

Hapakuwa na virusi. Mac ina tabia ya kuandika kumbukumbu zake popote inapopita. Hilo .DS_Store linatunza namna ulivyoipanga folda: ikoni zikae wapi, ziwe kubwa au ndogo. Yale ya nukta na kistari cha chini yanabeba taarifa za ziada ambazo flashi ya mfumo wa FAT32 au exFAT haina pa kuziweka. Mwenyewe huyaoni, kwa sababu kwenye Mac jina likianza na nukta hufichwa. Ni desturi iliyorithiwa kutoka Unix. Kompyuta ya dada, ambayo miaka yote imepigana na virusi vya kweli, imewekwa ionyeshe kila kilichofichwa. Kwa hiyo anayeaibika mbele za watu ni wewe.

Dawa ipo na haiuzwi. Fungua Terminal, andika dot_clean -m, acha nafasi, kisha iburute ikoni ya flashi mpaka ndani ya dirisha hilo. Njia itajiandika yenyewe. Bonyeza Return, mapacha wote wanaondoka. Lakini dawa bora zaidi ni kutompelekea dada faili la Word hata kidogo. Karibu kwenye kila programu ya Mac, ukienda kuprinti utakuta palepale chaguo la kuhifadhi kama PDF. PDF haibadilishi fonti wala haisukumi jedwali likaangukia ukurasa wa pili, na hakuna kompyuta ya steshenari isiyoijua. Na kama umeandika kwa Pages, usithubutu kwenda na faili la Pages lenyewe. Dada ataliangalia kama noti ya nchi nyingine.

Jambo linalonichekesha ni kwamba upande wa pili wa barabara, kwa fundi, imani ni kinyume kabisa. Fundi wetu hana shaka: Mac haipati virusi, basi. Ukimwambia kwamba mwaka 2012 kirusi kilichoitwa Flashback kiliingia kwenye Mac takriban 600,000 duniani, anakuangalia kwa huruma na kuuliza, "Lakini hizo zilikuwa za kichina, siyo?" Kwa hiyo mtaani kwetu flashi safi ina virusi, na kompyuta inayoweza kuambukizwa haina. Mimi nimekaa katikati, najaribu kusasisha programu zangu kwa wakati na sipakui chochote kutoka tovuti inayopiga kelele kuwa Mac yangu ni chafu.

Ndugu nao wana mchango wao. Binamu yangu alikuja na diski ya nje yenye video za kipaimara za familia nzima, akataka nimwongezee na zangu. Mac ikaisoma diski vizuri, ikaonyesha kila kitu mpaka keki, lakini kuweka faili jipya ikagoma. Binamu akaanza kunishuku, kwamba sitaki tu kutoa video zangu. Diski ilikuwa imeandaliwa kwa NTFS, mfumo wa Windows, ambao Mac husoma lakini haiandiki. Ukitaka diski moja itembee pande zote mbili, iandae kwa exFAT kupitia Disk Utility. Kufanya hivyo kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo toa kwanza vitu vya watu. Na kama safari ya hiyo flashi ni kwenye televisheni ya ukweni, kumbuka kuwa televisheni nyingi hupenda FAT32, na FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4. Video ya harusi nzima haipiti hapo. Ikate vipande, au waonyeshe tu sehemu ya kufungua shampeni, ambayo ndiyo wanayoitaka.

Kwa habari ya video zisizofunguka, weka VLC na uachane na mawazo. Ile programu yenye ikoni ya koni ya barabarani ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, na mpaka leo ni ya bure. Mafaili ya RAR ambayo wahadhiri wanayapenda kuliko wanafunzi wao, yafungue kwa Keka au The Unarchiver.

Sasa tuje kwenye kamati ya harusi, maana hapo ndipo Mac ilipokaribia kuvunja undugu.

Kikao kilikuwa sebuleni kwangu, na mhasibu wetu, mama mmoja mtaratibu aliyetumia Windows tangu enzi za monita zenye kisogo, aliomba laptopu yangu atusomee bajeti. Akalichagua faili, "Bajeti ya Harusi", akabonyeza Enter kama alivyofanya maisha yake yote. Kwenye Windows faili lingefunguka. Kwenye Mac, Return hubadilisha jina. Jina likawaka bluu likisubiri kuandikwa upya. Mama hakuona, aliona faili halifunguki, akagusa herufi mbili tatu kuamsha kompyuta, akabonyeza Enter tena. Bajeti ya Harusi ikatoweka. Mahali pake pakawa na kitu kinachoitwa "jjk".

"Bajeti haipo," akasema mhasibu.

Ukitaka kujua ukimya ni nini, mwache mhasibu wa harusi aseme maneno hayo mawili mbele ya watu waliokwisha kutoa michango. Mwenyekiti akavua miwani. Shemeji mmoja, ambaye kwa kweli alikuwa ametoa ahadi tu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza fedha ziko wapi. Mama wa watu akawa anafungua folda na kuzifunga, jasho linamtoka, huku kila baada ya sekunde chache akisema, "Ilikuwa hapahapa."

Kilichotuokoa ni Spotlight. Unabonyeza Command na kitufe cha nafasi, kijidirisha kinatokea, unaandika unachokitafuta. Watu wengi huandika jina la faili tu, kumbe Spotlight husoma mpaka yaliyomo ndani. Niliandika "mshereheshaji", neno ambalo halina kazi nyingine yoyote kwenye kompyuta yangu, na "jjk" likaja juu kabisa na turubai zake, viti vyake na pilau yake yote. Mhasibu akapewa maji. Tangu hapo nimemwandikia kwenye karatasi: kufungua faili ni Command na O, au Command na mshale wa chini, ukiharibu, Command na Z. Ukitaka kuchungulia tu bila kufungua, bonyeza kitufe cha nafasi, faili linajionyesha. Na ukitaka kulihamisha faili, usihangaike kutafuta "kata", haipo. Nakili kwa Command na C, kisha kwenye folda mpya bonyeza Option, Command na V kwa pamoja.

Katibu wa kamati hiyohiyo alikuwa na balaa lake. Aliandika muhtasari kwenye kompyuta yangu, na marekebisho ya tahajia yaliyokuwa yamewashwa hayakujua Kiswahili hata cha salamu. "Nane" ikawa "name". Wajumbe wakasomewa kwamba kikao kijacho ni tarehe kumi na name, na wawili waliniuliza kwa siri kama huyo Name ni ukoo wa upande wa bibi harusi. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi, sehemu ya maandishi, uzime kusahihisha tahajia kiotomatiki. Ukiwa hapohapo, kuna jedwali la vifupisho: unaiamuru Mac kwamba ukiandika "mmk", iandike yenyewe "Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati". Katibu alipogundua hilo, muhtasari ukarefuka mara mbili, maana kila mjumbe alipandishwa hadhi.

Kuna kile kitufe chekundu pia. Anayetoka Windows anabofya duara jekundu, dirisha linatoweka, anaamini amefunga programu. Hajafunga. Angalia chini kwenye Dock, chini ya ikoni pana kinukta. Hicho kinukta maana yake jamaa bado yupo ndani. Kumtoa ni Command na Q. Lakini Q imekaa jirani na W, na Command na W hufunga kichupo kimoja tu, kwa hiyo kidole kikiteleza kidogo, vichupo vyote ulivyofungua tangu asubuhi vinaondoka kwa mkupuo. Kwenye Chrome, fungua menyu yenye jina lake, uweke tiki kwenye onyo la kabla ya kufunga. Ni jambo la sekunde tatu.

Shangazi yangu wa Tanga alilala sebuleni siku ambayo nilikuwa nasubiri bando la usiku nishushe toleo jipya la macOS, mzigo wa gigabaiti kumi na kitu ambao mchana usingebebeka. Ili kompyuta isisinzie katikati ya kazi, niliwasha Amphetamine, programu ya bure ya App Store ambayo kazi yake ni kuinyima Mac usingizi. (Asiyetaka kuweka kitu aandike caffeinate kwenye Terminal, inatosha, mradi asifunike kompyuta.) Nikalala. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mpwa wangu wa darasa la sita alikwisha kuingia kwenye mipangilio ya saa akaiagiza Mac iwe inatangaza saa kwa sauti.

Saa nane kamili za usiku, gizani, sauti ya kiume ya Kizungu ikasema taratibu: "It's two o'clock."

Shangazi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na si mtu wa kupiga kelele ovyo. Alikuja mlangoni kwangu na tochi na mwiko. "Amka. Kuna Mzungu sebuleni." Kabla sijajibu akaongeza, kwa hasira ya mtu aliyefundisha hesabu miaka mingi, "Na ni mwongo. Saa nane hii yeye anasema saa mbili." Nilimwonyesha kompyuta, nikazima tangazo mbele yake. Hakuridhika. Akaifunika kwa kanga, akaifunga skrini kwa mkono wake, na upakuaji wangu ukaishia hapo, kwa sababu Mac ikifunikwa kwa kawaida hulala.

Baada ya visa hivi bado watu huniuliza kama wanunue Mac. Nawaambia wanunue, ila nawaomba waisikilize sehemu hii kwa makini, maana nyingi zinazouzwa Kariakoo zimetumika. Mac zenye chipu ya T2, ambazo ni nyingi kati ya laptopu zilizotoka 2018 hadi 2020, na zote za M1 kuja juu, zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mmiliki wa kwanza. Akiwa hajajiondoa, wewe umenunua sinia la bei ghali. Kabla ya kutoa hela, mwambie muuzaji aifute yote mbele yako, kisha iunganishe na intaneti ya simu yako na uipitishe hatua za mwanzo mpaka ufike kwenye picha ya mezani. Ikidai nenosiri la mtu mwingine, au ikisema inasimamiwa na kampuni au chuo fulani, mrudishie na umtakie biashara njema. Angalia pia idadi ya mizunguko ya betri kwenye taarifa za mfumo. Nyingi za miaka ya karibuni zimepangiwa 1,000.

Na akikuambia, "Chukua hii ya gigabaiti 8, fundi atakuongezea RAM kesho," ujue anakutania. Kuanzia M1 ya mwaka 2020, RAM imefungwa pamoja na chipu yenyewe, haiongezwi na fundi wa mtaani. Kama mfuko unaruhusu chukua ya 16, na kama hauruhusu, chukua ya 8 ukijua kwamba utabaki nayo hivyohivyo.