Kikohozi cha Arthur Morgan

Vijana wa Ntinda wana huruma, msiwasingizie. Muulize yeyote aliyemaliza Red Dead Redemption 2, gemu iliyotoka 2018, ni nini kilichomliza. Si risasi, ni kikohozi. Arthur Morgan, jambazi wa Marekani ya 1899, anaambukizwa kifua kikuu na mdeni mgonjwa ambaye yeye anamtwanga ili alipe. (Wenye mikopo ya simu hapa Kampala huitazama sehemu hiyo kwa furaha isiyojificha.) Kisha kwa saa nyingi mchezaji anamshuhudia akikonda, akikohoa damu, akihangaika kutenda mema machache kabla hajakata roho. Wanaume wenye ndevu hufuta macho kwa fulana.

Kesho yake kijana huyohuyo yumo kwenye teksi ya mjini. Mama wa kiti cha nyuma anakohoa mara mbili. Dirisha linafunguliwa kwa kishindo, kola inapandishwa hadi puani, na wakifika Kamwokya kijana anamkemea konda: “Maaso awo!”, yaani simama hapo mbele. Anashuka, ingawa safari yake haikuwa ya pale.

Mama huenda kapaliwa na vumbi tu. Na hata kingekuwa kifua kikuu, Arthur alikufa miongo kadhaa kabla dawa ya kifua kikuu, streptomaisini, haijagunduliwa mwaka 1943. Leo mama angepewa dawa bure hospitali ya Mulago, miezi sita, akapona. Ila hana farasi, wala gitaa la huzuni la kumsindikiza kila anapokohoa. Labda Wizara ya Afya ingemnunulia kofia ya mchunga ng’ombe.