Marudio ni ya Nani?

Kwa Ndugu Meneja wa kampuni iliyoniuzia wingu,

Nakuandikia kutoka Masumbwe, wilayani Mbogwe.

Vijana wako walinikuta dukani, barabara ya Kahama kwenda Ushirombo, ninakouza vipuri vya karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Wakasema nisihangaike kununua seva wala kuajiri fundi. Hesabu zikae kwenye wingu, nilipie kila mwezi. Niliwaelewa upesi. Mchimbaji mdogo hanunui karasha: hupeleka viroba vyake vya mawe, akasagiwa, akalipa, akaenda zake. Amazon ilianza kukodisha kompyuta zake kwa mtindo huo mwaka 2006. Ni biashara halali na inatufaa sisi wenye mtaji mdogo.

Lakini karasha ina jambo ambalo vijana wako hawakuligusa. Mchimbaji akishaosha na kuondoka na dhahabu iliyonaswa na zebaki, mchanga unaobaki, yaani marudio, huwa wa mwenye karasha. Huyo huupeleka kwenye sayanaidi, akapata dhahabu ambayo mwenye mawe hakuiona kamwe. Angalau mchimbaji analijua hilo kabla hajashusha kiroba. Mimi sikuambiwa. Nilipochelewa malipo ya mwezi mmoja mlifunga akaunti, na miaka miwili ya madeni ya wateja wangu, majina na namba zao za simu, ikabaki kwenu. Nikaomba nakala, nikajibiwa nilipe kwanza. Ndugu yangu, unanidai mwezi mmoja. Daftari ni langu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wateja wale walinipa mimi majina yao, nami ndiye watakayemuuliza. Niwajibu nini, ikiwa hata nchi zilikowekwa taarifa zao sijatajiwa? Dar es Salaam kuna Kituo cha Taifa cha Data kilichojengwa na serikali, wala sikupewa nafasi ya kuchagua. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hesabu zangu hazikufunguka. Niliuza kwa kuandika kwenye karatasi, na kwenu hakupiga simu mtu yeyote kunipa pole.

Nakuomba uniletee mkataba wa Kiswahili, unaotaja hesabu zangu ziko wapi, nitazichukuaje siku nikihama, na kwamba deni halitazifungia. Ukiuleta, nitalipia mwaka mzima siku hiyohiyo.